Dawa za viungo Kawempe: chupa ni ghali, ushahidi ni haba

Katika maduka ya dawa yaliyo kando ya barabara ya Bombo, kuanzia Bwaise hadi Kawempe kwenyewe, mteja anayelalamikia goti huonyeshwa bidhaa za aina mbili. Kuna vidonge vya kupunguza maumivu, ambavyo mara nyingi hukatwa kutoka kwenye pakiti na kutiwa katika bahasha ndogo. Kuna pia chupa kubwa za virutubisho, zenye picha ya goti kwenye lebo. Aina ya tatu, ile inayoitwa ya asili, mara nyingine haikai dukani kabisa, bali humfuata mteja sokoni mikononi mwa mchuuzi.

Wateja hawakosekani. Kawempe ni moja ya divisheni 5 za jiji la Kampala, na ndani yake limo soko la Kalerwe, ambako mikungu ya ndizi na magunia ya viazi hushushwa kwa mgongo. Mtu aliyebeba mizigo kwa miaka 20 anajua goti lililovimba lina maana gani: siku ya kulala nyumbani ni siku isiyo na kipato. Kwake, kuchagua cha kununua ni hesabu ya biashara kama ilivyo ya afya.

Tatizo ni kwamba katika kaunta hiyo bei na ushahidi haviendi pamoja. Chupa ya bei kubwa ndiyo iliyothibitishwa kidogo, wakati kidonge cha bei ndogo hufanya kazi lakini kina hatari zake.

Chupa ya glukosamini

Virutubisho vingi vya viungo vina glukosamini, ambayo kwa kawaida hutolewa kwenye magamba ya kamba na kaa, pamoja na kondroitini, inayotoka kwenye gegedu za wanyama. Wazo lake linavutia: gegedu la goti limechakaa, basi mle malighafi yake.

Wazo hilo lilipimwa nchini Marekani katika utafiti mkubwa uliogharimiwa na serikali na kuchapishwa Februari 2006. Wagonjwa 1,583 wenye magoti yaliyochakaa waligawanywa katika makundi, wakameza dawa kwa wiki 24. Kipimo cha nafuu kilikuwa maumivu kupungua kwa asilimia 20 au zaidi. Waliopewa glukosamini na kondroitini kwa pamoja, karibu asilimia 67 walipata nafuu. Waliopewa kidonge kisicho na dawa yoyote, asilimia 60 nao walipata nafuu. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuweza kutenganishwa na bahati. Katika kundi dogo la wenye maumivu makali zaidi mchanganyiko huo ulionekana kusaidia, ila watafiti wenyewe walitahadharisha kuwa idadi yao haitoshi.

Asilimia 60 hiyo ndiyo ya kutazamwa na mfanyabiashara. Maumivu ya goti hupanda na kushuka, na mtu hununua dawa siku yamepanda. Kwa hiyo jirani anayeapa kwamba chupa imemponya huenda hasemi uongo hata kidogo. Mauzo ya mtandao, ambapo mteja wa leo ndiye muuzaji wa kesho, yanaishi kwa ushuhuda wa namna hii.

Kiasi kilichotumika katika utafiti huo kilikuwa miligramu 1,500 za glukosamini kwa siku, yaani vidonge 3 vya miligramu 500. Chupa ya vidonge 90 huisha kwa mwezi mmoja. Anayetaka kujaribu kwa wiki 24 atahitaji karibu chupa 6, na muuzaji ni nadra kuitaja hesabu hiyo siku ya kwanza. Miongozo ya madaktari wa maradhi ya viungo wa Marekani ya 2019, na ile ya taasisi ya NICE ya Uingereza ya 2022, haipendekezi glukosamini kwa goti.

Chakula au dawa?

Sababu ya bidhaa hizi kuvuka mipaka kwa wepesi inapatikana katika vitabu vya forodha. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambazo umoja wao wa forodha ulianza Januari 2005, hutumia mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Dawa ziko katika sura ya 30. Maelezo ya sura hiyo yanasema wazi kuwa virutubisho vya chakula havimo. Kwa kawaida huangukia sura ya 21, pamoja na vyakula vingine vilivyotengenezwa.

Tofauti si ya ushuru tu. Dawa husajiliwa kabla ya kuuzwa, na mtengenezaji hudaiwa ushahidi. Chakula hukaguliwa kama ni salama, hakiulizwi kama kinaponya. Nchini Marekani, sheria ya 1994 inaruhusu kirutubisho kuuzwa bila kuthibitisha kwanza kuwa kinafanya kazi, mradi kisidai kutibu ugonjwa. Ndiyo maana lebo husema bidhaa "husaidia afya ya viungo". Neno "husaidia" limechaguliwa na mwanasheria. Glukosamini hiyo hiyo, katika baadhi ya nchi za Ulaya, imesajiliwa kama dawa.

Katika kanda hii mstari huo umechorwa upya mara kadhaa. Tanzania ilikuwa na mamlaka moja ya chakula na dawa hadi 2019, kisha masuala ya chakula yakahamishiwa Shirika la Viwango. Mpango wa Jumuiya wa kuoanisha usajili, uliozinduliwa Arusha mwaka 2012, ulihusu dawa.

Kidonge cha bei ndogo

Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza uvimbe kweli, na hilo halibishaniwi. Parasetamoli hupunguza maumivu, lakini uvimbe hauugusi sana. Shida ya bahasha ndogo ni kwamba maelezo ya matumizi hubaki kwenye boksi la muuzaji. Dawa za jamii ya ibuprofeni huchubua tumbo, hulemea figo na kupandisha shinikizo la damu. Mtu anayenunua ibuprofeni asubuhi na diklofenaki jioni kutoka maduka mawili amezidisha dawa ya jamii moja bila kujua.

Mwaka 2013 wadhibiti wa Ulaya walionya kuwa diklofenaki inaongeza hatari ya maradhi ya moyo, na Januari 2015 Uingereza iliacha kuruhusu vidonge vyake kuuzwa bila cheti cha daktari. Jeli ya diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo zaidi, na kwa goti ndiyo ambayo miongozo mingi sasa huitanguliza.

Manjano nayo imepata soko. Tafiti zake ni ndogo ingawa baadhi zinatia moyo. Ile ya mchuzini haina neno, lakini vidonge vyenye manjano iliyokolezwa vimehusishwa na madhara ya ini, na Australia ilitoa onyo mwaka 2023.

Dawa inayofanya kazi mno

Hatari kubwa zaidi iko kwenye bidhaa ya asili inayoondoa maumivu kwa siku moja. Mwaka 2022, mamlaka ya dawa ya Marekani iligundua diklofenaki na deksametasoni ndani ya virutubisho vya Artri King, bila kutajwa kwenye lebo. Deksametasoni ni steroidi. Anayeitumia kwa muda mrefu hupanda sukari, mwili wake huacha kutengeneza homoni zake, na akiikatiza ghafla anaweza kuzidiwa vibaya.

Orodha ya dawa zilizosajiliwa Uganda iko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, na duka halali hubandika leseni ukutani. Mchuuzi wa sokoni hana ukuta wa kubandika. Kwa kiungo kilichovimba ghafla, kikawa cha moto na kuambatana na homa, hakuna bidhaa ya kaunta inayofaa: huenda ni maambukizi, na kiungo kinaweza kuharibika kwa siku chache. Hospitali ya Mulago imo ndani ya Kawempe hiyo hiyo, na kutoka Kalerwe si safari ndefu kwa bodaboda.