Siri ya Kiwanda na Afya ya Umma

Mwaka 1973 watafiti wa Wakfu wa Saratani wa Michigan, nchini Marekani, walitangaza kuwa wamefaulu kuotesha katika maabara chembe hai za mgonjwa wa saratani ya matiti. Chembe hizo, zilizopewa jina la MCF-7, huongezeka zinapopata homoni ya kike iitwayo estrojeni, na hutulia zinapoikosa.

Tabia hiyo ndiyo iliyofichua hatari isiyotazamiwa. Ana Soto na Carlos Sonnenschein, wa Chuo Kikuu cha Tufts mjini Boston, waliona chembe zilizonyimwa homoni zikiongezeka kana kwamba zimepewa. Uchunguzi ulidhihirisha kwamba chanzo kilikuwa mirija ya plastiki iliyotumika katika maabara yao. Kiwanda kilichoitengeneza kilikataa kutaja viungo vyake kwa madai ya siri ya biashara, na watafiti wakalazimika kuvitafuta wenyewe. Mwaka 1991 walieleza kuwa mirija hiyo ilitoa nonilifenoli, kemikali inayoiga kazi ya estrojeni.

Mkasa huo umezaa njia ya upimaji. Majimaji ya damu yanayolisha chembe huondolewa homoni kwa mkaa. Kisha fungu moja la chembe haliongezewi kitu, la pili hupewa estrojeni, na la tatu kemikali inayoshukiwa. Baada ya siku chache chembe huhesabiwa. Fungu la tatu likilizidi la kwanza, na dawa ya kupinga estrojeni ikazuia ongezeko hilo, ni dhahiri kwamba kemikali hiyo inaiga homoni.

Hata hivyo, chembe zilizomo katika kisahani si mwanadamu kamili. Kipimo hiki peke yake hakithibitishi kwamba kemikali fulani imemletea mtu saratani. Lakini mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Bisfenoli A, ambayo nayo hukuza chembe hizo, ilipigwa marufuku na Umoja wa Ulaya katika chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011. Na mwaka 2024 Umoja huo ukaamua kuiondoa katika vyombo vya chakula kwa jumla.

Hapana shaka kwamba sayansi haiwezi kupima kitu ambacho jina lake limefichwa. Mirija ya Boston ilijulikana kwa bahati tu. Afya ya umma haistahili kutegemea bahati, wala siri ya kiwanda haistahili kutangulizwa mbele ya uhai wa watu.