Mpiga Isukuti Hulipwa na Nani?

Kila nikitumiwa video ya mazishi ya nyumbani, jicho langu humtafuta kwanza mpiga ngoma. Nilikulia Shianda, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Mumias, na kabla sijaja Doha nilikuwa napiga ile ngoma ndogo ya isukuti katika kikundi cha vijana. Wenzangu bado wanapiga. Huniuliza mbona kazi haikosekani na mfukoni hamna kitu.

Jibu linaanzia mbali. Isukuti ni mchezo wa ngoma wa Waisukha na Waidakho, na sisi Wawanga tumeipokea kwa majirani: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Ilipigwa mtoto akizaliwa, kijana akitahiriwa, mzee akizikwa. Mpigaji alikuwa jirani, si mtu wa kukodiwa. Alikula, akanywa busaa, na aliyekolewa na mdundo akambandika noti kwenye paji la uso. Deni lililosalia lililipwa siku msiba ulipobisha kwake.

Mtindo huo ulikuwa wa haki watu walipokaa pamoja. Sasa mfiwa yuko Nairobi au huku Ghuba. Anaagiza kikundi kwa simu, na msiba wako hataujia. Kazi imekuwa ya kukodiwa, mapatano yamebaki ya kijirani. Tena noti zenyewe zimeadimika: kiwanda cha sukari cha Mumias, kilicholisha eneo letu zima, kiliyumba hadi kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Disko matanga nayo, muziki wa spika wa mkesha wa mazishi, inashindana nasi kwa bei, kwani inahitaji spika na mtu mmoja tu. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ni heshima kubwa, lakini ngozi ya ngoma bado hununuliwa na mpigaji.

Kwa hiyo, ndugu zangu, pataneni kabla ngoma hazijaanikwa juani. Tajeni nauli ya kwenda na kurudi, saa za kupiga, chakula, na fedha ya kukarabati ngoma. Nusu iingie kwa M-Pesa kabla hamjatoka nyumbani. Ujumbe wa simu wenye tarehe na kiasi unaweza kuwa ushahidi. Noti za kwenye paji ziwe nyongeza.

Video ndiyo inayoniuma zaidi, maana mpigaji hurekodiwa bila kulipwa. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 humpa mtumbuizaji haki yake juu ya onyesho lake, mbali na haki ya mtunzi. Haki hizo ni mbili tofauti. Wimbo wa jadi usiuandikishe kuwa utunzi wako. Ni mali ya jamii. Uliotunga mwenyewe uandikishe mapema. Ukitumika kuwa mwito anaousikia anayepiga simu, marekebisho ya 2022 yanakupa angalau asilimia 52 ya mapato. George Mukabi, bingwa wa gitaa wa Kakamega, alifariki 1963, na nyimbo zake bado zinatolewa upya ng'ambo. Rekodi huishi kuliko vidole vilivyoipiga.

Nasi tulio mbali, ada ya kikundi tuitume moja kwa moja kwa kiongozi wake. Ikipitia kamati ya mazishi, hema na chakula huimaliza kabla pembe haijalia.