Nyumba Isiyobishwa Hodi

Masara ni mji mdogo wa wachimba dhahabu, magharibi mwa mji wa Migori, kwenye njia ziendazo ziwani. Huko anakaa mtoto wa ndugu yetu, mzaliwa wa Mombasa, aliyehamia na mkewe na watoto wao watatu kufanya biashara ya duka. Tulimzuru hivi karibuni pamoja na kijana wetu asomaye mambo ya kompyuta chuoni. Tuliyoyakuta nyumbani mwake tumeona tuwaletee wasomaji juma hili, kwa kuwa hata huku kwetu pwani nyumba za namna ile zimeanza kuonekana.

Nyumba ile hujitumikia. Maji ya tangi yakipungua, pampu hujiwasha. Tangi likijaa, hujizima. Taa ya uani huwaka jua likichwa. Mlango wa mbele una kidude kinachotoa habari kila ukifunguliwa, na vyumbani mna vidude vinavyotambua mtu akipita ili taa ziwake na kuzimika zenyewe. Si anasa kama tulivyodhani mwanzo. Umeme wa Masara hukatika, betri za jua hazivumilii ubadhirifu, na pampu ya kwanza iliungua kwa kuachwa ikivuta hewa tupu usiku kucha.

Vitu hivi havisemezani vyenyewe kwa vyenyewe. Katikati yao yuko mmoja anayepokea habari na kuzigawa, ambaye mafundi humwita broka. Sisi tutamwita tarishi, maana ndiyo kazi yake. Si mtu wala si chombo cha kushikika, ni programu inayokaa ndani ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, isiyozidi sana ukubwa wa pakiti ya karata. Lugha wanayosemezana huitwa MQTT. Ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa kampuni ya IBM pamoja na Arlen Nipper, kwa ajili ya kuyachunga mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti, ambako kila herufi iliyorushwa ilikuwa na gharama. Kwa hiyo ni lugha ya maneno machache, na hufaa hata pale intaneti inapokuwa dhaifu.

Kidude cha tangi hupeleka habari chini ya anwani, tuseme nyumba/tangi/kina, na tarishi humpa kila aliyejiandikisha kwa anwani hiyo. Kuna hata wasia. Kifaa kinapojitambulisha kwa tarishi huweza kumwachia maneno ya kutangazwa iwapo kitakufa ghafla bila kuaga, na hivyo mwenye nyumba hujua kwamba pampu imenyamaza. Tulipoelezwa haya tulicheka, kisha tukaona kwamba vidude hivi vimetushinda wengi wetu tunaoahirisha kuandika wasia mwaka baada ya mwaka.

Usiku wa pili, baada ya isha, kijana wetu alikuwa akichezea simu yake. Alipakua programu ya bure ya kusemezana na matarishi, akaandika anwani ya tarishi wa nyumba ile, akaacha mahali pa jina na pa neno la siri patupu. Kisha akaomba anwani moja tu, alama ya #, ambayo katika lugha hiyo maana yake ni nipe zote. Zikaja zote. Akajitoa kwenye mtandao wa nyumbani, akatumia bando la simu kama mtu aliye Kisumu au Nairobi. Zikaja vilevile.

“Baba, tazama,” akatuonyesha.

Mlango wa mbele umefunguliwa saa kumi na mbili na robo asubuhi, yaani mwenyeji wetu ametoka kwenda dukani. Taa ya chumba cha watoto imezimwa. Mtu amepita chumba cha wazazi. Taa ya chumba cha wazazi imezimwa saa nne na dakika kumi na mbili usiku. Ilikuwa kama daftari la maisha ya watu watano lililowekwa barazani, kila apitaye alifungue. Mkewe alisoma mistari michache, akairudisha simu.

“Ami,” akasema, “na nani mwingine anayajua haya?”

Hatukuwa na jibu, na hata leo hatunalo. Mumewe husafiri mara mbili kwa juma kuleta bidhaa, na habari za mlango humweleza yeyote ni lini amebaki peke yake na watoto. Masara ni mji ambao fedha za dhahabu hupita mkononi, na mwenye duka hudhaniwa kuwa nazo hata asipokuwa nazo. Tena si kusoma tu. Asiyeulizwa jina huweza pia kuamrisha, akawasha pampu ikakausha kisima, au akazima taa ya uani saa aitakayo.

Sababu ilikuwa mstari mmoja wa maandishi. Tarishi wao ni programu iitwayo Mosquitto, iliyoanzishwa na Roger Light wa Uingereza, nayo hutolewa bure. Zamani ilimpokea kila ajaye isipokatazwa. Tangu toleo la 2.0, lililotoka Desemba 2020, mambo yamegeuzwa: humsikiliza aliye ndani ya kompyuta ileile tu mpaka ielekezwe vingine, na ikifunguliwa kwa wa nje humkataa asiye na jina. Fundi aliyeiweka alipoona vidude vinakataliwa, badala ya kuvipa majina, aliandika allow_anonymous true, yaani asiye na jina na aingie. Kila kitu kikafanya kazi. Kisha, ili mwenyeji wetu aweze kulitazama tangi lake akiwa Migori, akafungua njia kwenye ruta kutoka nje hadi kwa tarishi, akapokea ujira wake, akaenda zake.

Hatumlaumu peke yake. Mwenye nyumba alimwuliza kama vitu vinafanya kazi, wala hakumwuliza vinamfanyia nani kazi. Na kosa hili limeenea ulimwenguni: mwaka 2018 kampuni ya usalama ya Avast ilitangaza kuwa imehesabu matarishi wa MQTT zaidi ya 49,000 wanaoonekana kwenye intaneti, na miongoni mwao zaidi ya 32,000 hawakuwa na neno la siri.

Sisi tuliolelewa kwa hodi tunalijua jambo hili tangu utotoni. Surat an-Nur imeamrisha kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu, na wanazuoni hutufundisha kwamba hodi imewekwa kwa sababu ya macho kabla ya miguu. Achunguliaye kwa dirisha hajakanyaga kizingiti, lakini amekwisha kuingia.

Asubuhi yake kazi ikaanza. Kwanza ilifungwa ile njia ya ruta, na hili lingefanywa usiku uleule, kabla ya kulala. Kisha mstari ule ukageuzwa kuwa allow_anonymous false, na kila kidude kikapewa jina lake na neno lake la siri kwa amri ya mosquitto_passwd. Hapa kijana wetu alipoteza saa nzima. Kuna herufi, -c, inayotumika mara ya kwanza tu kuunda faili la majina. Ukiirudia, faili la kwanza hufutwa na kuanza jipya, naye aliirudia kwa kila kidude akabaki na jina moja la mwisho.

Halafu yakaandikwa mamlaka ya kila jina. Pampu husoma amri zake na kutoa habari zake, basi. Haina haja ya kujua kama mlango umefunguliwa. Wengi huishia kwenye neno la siri wakadhani wamemaliza. Lakini neno likivuja kutoka kwenye kidude kimoja cha bei rahisi kilichofungwa nje ya ukuta, mwizi atapata anwani zote ikiwa hakuna mipaka.

La tatu lilikuwa gumu zaidi. Katika mlango wa kawaida wa MQTT, nambari 1883, maneno hupita wazi, na neno la siri pamoja nayo. Katika mlango 8883 hufungwa kwa fumbo, na tarishi huonyesha cheti cha kuthibitisha kwamba ndiye. Cheti kilitengenezwa palepale nyumbani, na ufunguo uliokitia sahihi ukahamishiwa kwenye flashi iliyofungiwa kabatini. Kisha umeme ukakatika, kama kawaida yake, na uliporudi vidude kadhaa vikamkataa tarishi. Havina saa ya kudumu. Huzinduka vikidhani ni Januari 1970, na kwa hesabu hiyo cheti kilichotolewa jana bado hakijaanza kutumika. Dawa ilikuwa kuviamuru viulize saa kwanza kwa ile kompyuta ndogo, ambayo hula umeme wa betri na haizimiki.

Ili baba mwenye nyumba alione tangi akiwa mbali, hatukuifungua tena ruta kwa tarishi. Simu yake hupitia njia ya siri iitwayo WireGuard, isiyomjibu mtu asiye na ufunguo. Mwisho kijana wetu alijaribu kuingia bila jina, ndani na nje. Akakataliwa kote kuwili, nasi tukashukuru.

Tulipokuwa tukifunga mizigo, mwenyeji wetu aliuliza kwenye orodha ya mamlaka yeye aandikiwe nini. Asome zote, tukasema, ndiye mwenye nyumba. Mkewe, aliyekuwa akimvisha mtoto viatu, akasema, “Ami, cha chumbani kwetu hata yeye asikisome.” Akaleta bisibisi, mumewe akapanda kiti akakifungua kile kidude ukutani, naye akakitia ndani ya kopo la vifungo na sindano.