Fahari ya msomi ni aliowainua

Mwanasayansi anapoulizwa ni jambo gani analojivunia zaidi katika kazi yake, wengi wetu hutarajia ataje uvumbuzi wake, tuzo alizotunukiwa au wingi wa makala alizochapisha. G. H. Hardy, mwanahisabati mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alipoulizwa swali hilo na mwenzake Paul Erdős, hakutaja hata kimojawapo. Alijibu papo hapo kwamba mchango wake mkuu katika hisabati ni kumgundua Ramanujan.

Ramanujan alikuwa nani? Mnamo Januari 1913 alikuwa karani wa bandari huko Madras, India, akilipwa pauni 20 kwa mwaka. Awali alikuwa amepoteza ufadhili wake chuoni, kwani aliyapuuza masomo mengine kwa ajili ya hisabati, naye akaanguka mitihani. Akiwa na umri wa miaka 25, alimwandikia Hardy barua iliyosheheni kanuni za ajabu zisizo na uthibitisho. Wanahisabati wawili wa Uingereza walikuwa wamekwisha kupelekewa maandishi yake, wasiyatilie maanani.

Hardy naye alishuku mwanzoni kuwa pengine ni ulaghai. Hata hivyo, jioni aliketi na mwenzake, J. E. Littlewood, wakazipima kanuni zile. Walipoinuka, walikuwa wamesadiki kwamba mwandishi ni gwiji. Mwaka 1914 Ramanujan aliwasili Cambridge, na mwaka 1918 akachaguliwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya kongwe ya wanasayansi wa Uingereza. Alifariki mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 32. Hadi leo wanahisabati wangali wanayachambua madaftari yake.

Hapa sarufi yetu ina la kutufunza. Kitenzi 'kujivuna' kina kiambishi 'ji', kinachomrudisha mtendaji kwake mwenyewe. Ndipo kikawa na maana ya kuringa. Tukikitia katika kauli ya kutendea, twapata 'kujivunia', nacho hakikamiliki mpaka kitajwe kile kinachojivuniwa. Anayejivuna hujitazama; anayejivunia hana budi kuinua macho.

Je, sisi walimu wa Kenya twajivunia nini? Matokeo ya mitihani yanapotangazwa, shule zetu hushangilia alama za wastani na kuwabeba watahiniwa bora mabegani. Sisemi kwamba alama hazina thamani. La hasha! Nauliza tu: Ramanujan, aliyeanguka masomo mengine, angebebwa na nani?

Nami nakiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja aliniletea daftari la vitendawili alivyovikusanya katika lugha ya nyanya yake, akitaka kunionyesha jinsi toni inavyobadili maana. Nilikuwa na rundo la karatasi za mtihani za kusahihisha, nikamwambia aje siku nyingine. Hakuja. Nimechapisha makala kadhaa tangu hapo, lakini daftari lile nisilolisoma ndilo linalonikosesha raha.

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Naam, lakini sharti apatikane wa kukiona chanda chenyewe. Mwalimu mwenzangu, daftari likiwekwa mezani pako leo, lifungue. Nawe mwanafunzi, ukipuuzwa na wawili, mwandikie wa tatu.