Pikapu gani inafaa kuvuta boti nzito kati ya Bukavu na Uvira?

Ziwa Kivu na ziwa Tanganyika vinaunganishwa na mto Ruzizi, lakini hakuna boti inayoweza kupita mule. Mto uko na maporomoko, na mabwawa ya umeme ya Ruzizi I na Ruzizi II yanafunga njia. Basi mtu mwenye boti Bukavu ambaye anataka kufanya nayo kazi Uvira, Baraka ao Kalemie, lazima aivute kwa barabara, juu ya remorki.

Safari hiyo si ya mchezo. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, Tanganyika karibu mita 770. Ni kusema, gari inashuka karibu mita 700. Na mwenye kupitia Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, anakuta mteremko mkali wenye kona nyingi. Ndiyo maana mwenye kununua pikapu kwa kazi hii asiulize tu kama inaweza kuvuta. Aulize pia kama inaweza kusimama.

«Hii inavuta tani tatu na nusu»

Wauzaji wanapenda sana kusema hivyo, na mara nyingi si uongo. Toyota Hilux, Ford Ranger, Isuzu D-Max na Land Cruiser 79 ziko na aina ambazo kiwanda kinaruhusu zivute kilo 3,500. Lakini hesabu hiyo ni kwa remorki yenye freni zake yenyewe. Remorki isiyo na freni, pikapu hizo hizo zinaruhusiwa kuvuta kilo 750 tu. Boti nzito haiingii katika hesabu hiyo hata kidogo.

Tena, mzigo ulio nyuma ya pikapu unahesabiwa. Hapo ndipo watu wengi wanajidanganya: wanafunga boti, kisha wanajaza magunia na watu nyuma, kama vile ni mambo mawili tofauti. Kwa moteri na kwa freni, ni mzigo mmoja.

Kusoma kibao cha kiwanda

Kila gari inatoka kiwandani na kibao kidogo, mara nyingi karibu na mlango ao chini ya boneti. Kwenye gari zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya, kibao kinaonyesha kilo kwa mistari. Mstari wa kwanza ni uzito wa mwisho wa gari yenyewe pamoja na mzigo wake. Mstari wa pili ni uzito wa mwisho wa gari pamoja na remorki. Ukitoa wa kwanza kwa wa pili, unapata uzito wa remorki ambao gari inaweza kuvuta ikiwa imejaa.

Tuchukue mfano. Pikapu moja imeandikwa 3,200 na 5,800. Ikijaa, inavuta kilo 2,600. Ingine imeandikwa 3,000 na 5,000. Hiyo, ikijaa, inavuta kilo 2,000 tu, hata kama muuzaji anataja tani tatu na nusu.

Karatasi za gari za Ulaya zinasaidia pia: mahali palipoandikwa O.1 ni uzito wa remorki yenye freni, na O.2 ni wa remorki isiyo na freni. Kwa remorki yenye freni, hesabu ndogo kati ya ile ya kibao na O.1 ndiyo ya kufuata.

Boti ina kilo ngapi kwa kweli?

Uzito wa boti tupu hautoshi. Tuseme boti ni kilo 1,400. Moteri mbili za farasi 40 zinaongeza karibu kilo 150. Litri 200 za esansi ni kilo 150 tena, kwa sababu litri moja ni karibu gramu 750. Betri, nanga, kamba na makoti ya kuokoa maisha, tuweke kilo 100. Remorki yenyewe, kilo 600. Jumla ni kilo 2,400. Boti ya mbao iliyokaa ndani ya maji inazidi hapo, juu mbao zinakunywa maji.

Pikapu ya kwanza ya mfano wetu inaweza. Ya pili haiwezi ikiwa imejaa: mwenyewe anapaswa kupunguza kilo 400 nyuma yake. Njia rahisi ya kuanza ni kumwaga esansi na kutuma moteri kwa gari ingine, lakini hiyo peke yake haitoshi. Na kama kuna mizani ya malori karibu, kupima ni bora kuliko kukadiria.

Moteri kubwa si lazima nguvu kubwa

Land Cruiser 79 yenye moteri ya mazutu ya litri 4.2 isiyo na turbo inajulikana sana kwetu. Nguvu yake ya kuzungusha ni karibu Nm 285. Hilux ya litri 2.4 yenye turbo inafika Nm 400 kwa aina nyingi. Tena, huku milimani hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000.

Je, Land Cruiser haifai? Hapana. Ni nzito, chasi yake ni ngumu, na mafundi wengi wanaijua. Gari nzito haisukumwi ovyo na remorki kwenye kona. Itapanda polepole, basi. Kwa kazi hii, uzito wa gari una maana kama vile nguvu.

Kushuka

Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya freni inaongezeka mara nne. Freni zikipata moto sana, pedali inashuka lakini gari haisimami. Remorki nyingi ziko na freni inayojifunga yenyewe wakati remorki inasukuma gari. Kwenye mteremko mrefu inasukuma bila kuacha, nayo pia inapata moto. Kwa hiyo shofere ashuke kwa vitesi ndogo, ile ile ambayo angepandia, na aache moteri ishikilie gari.

Kuongeza vyuma vya resori nyuma kunainua gari, lakini hakuongezi freni. Kilo za kwenye kibao hazibadiliki.

Kuna pia kupanga mzigo. Uzito unaolalia ndoano ya pikapu uwe kati ya kilo 5 na 10 kwa kila kilo 100 za remorki, na uhesabiwe kama mzigo wa pikapu. Moteri za boti zinakaa nyuma, basi boti isukumwe mbele kidogo juu ya remorki. Mkia ukizidi uzito, remorki inaanza kuyumba, na pikapu inayumba nayo.

Kabla ya kutoa feza

Mnunuzi asome kibao, ahesabu boti na vyote vilivyomo, aangalie kama remorki ina freni zinazofanya kazi, kisha ajaribu pikapu kwenye mteremko ikiwa na mzigo. Muuzaji akikataa jaribio hilo, kuna pikapu zingine sokoni.