Mashahidi Walio Ndani ya Damu

Kila askari anafahamu kwamba adui atokaye ndani ni mgumu kutambuliwa kuliko yule avukaye mpaka. Saratani ya matiti ni adui wa namna hiyo. Chembe zake ni chembe za mwili wenyewe zilizoasi, na kwa sababu hiyo kinga ya mwili mara nyingi huziacha zipite.

Hata hivyo, waasi hao huacha alama. Hutengeneza protini zenye kasoro, au protini za kawaida kwa wingi uliopita kiasi, kama ile iitwayo HER2. Miili ya baadhi ya wagonjwa huzitambua alama hizo na kutoa kingamwili, yaani walinzi wa damuni ambao kila mmoja humnasa adui wake maalumu. Mwaka 1982 watafiti wa London walieleza kwamba wagonjwa 14 kati ya 155 wa saratani ya matiti walikuwa na kingamwili dhidi ya protini iitwayo p53.

Kuzitafuta protini hizo kunafanana na gwaride la utambulisho katika kituo cha polisi. Protini za uvimbe hupangwa safu safu, kisha majimaji ya damu ya mgonjwa humiminwa juu yake. Ile inayonaswa na kingamwili ndiyo iliyotambuliwa. Damu ya watu wenye afya nayo hupimwa, ili asije akashtakiwa asiye na hatia. Wataalamu wa Ujerumani walitangaza njia ya namna hii mwaka 1995.

Shabaha ni kuugundua ugonjwa mapema na kuifunza kinga ya mwili kupambana. Lakini katika hesabu ile ya London, wagonjwa 141 hawakuwa na shahidi huyo. Kwa hiyo kipimo cha protini moja hakiwezi kuchukua nafasi ya uchunguzi wa titi lenyewe.

Uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mkazi wa Katwe, jijini Kampala, hana safari ndefu kufika Mulago, iliko Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967. Askari mwenye mke, mama au dada aliyeona uvimbe, na askari mwanamke mwenyewe, wasingoje maumivu. Doria iliyochelewa humpa adui nafasi ya kusambaa.