Takwimu za Sensa Kiganjani: Mchoro Unaojibu Swali la Mkazi

Matokeo ya sensa ya 2019 yalitolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) katika vitabu vya PDF vyenye majedwali mengi. Mkazi wa Jericho au Shauri Moyo anayetafuta nambari moja tu hulazimika kupekua kurasa nyingi kwenye simu. Njia nyepesi ipo: mchoro wa mtandaoni unaobadilika anapougusa.

Michoro hiyo inaweza kutengenezwa kwa R, lugha ya programu za takwimu isiyolipiwa. Mtakwimu Mkenya Shelmith Kariuki aliyatoa majedwali ya sensa hiyo kwenye PDF na kuyaweka katika kifurushi cha R kiitwacho rKenyaCensus, kinachopatikana bila malipo.

Nyongeza ya R iitwayo Shiny, iliyotolewa mwaka wa 2012, hugawa kazi sehemu mbili. Ya kwanza ni ukurasa anaouona msomaji, wenye vitufe na orodha za kuchagua. Ya pili ni hesabu zinazofanywa na seva. Msomaji akichagua kaunti ndogo, seva hukokotoa upya na kumrudishia mchoro mwingine papo hapo.

Faida yake ni hii. Ukichagua idadi ya watu, Embakasi inaongoza Nairobi kwa 988,808. Kamukunji ina 268,276, Mathare 206,564 na Makadara 189,536. Ukichagua msongamano, Mathare inapanda hadi nafasi ya kwanza kwa takriban watu 69,000 katika kila kilomita mraba, huku Embakasi ikiwa na takriban 11,500. Sensa ni ileile. Kilichobadilika ni swali. Anayetetea maji, vyoo au zahanati katika kikao cha umma kuhusu bajeti anahitaji majibu yote mawili.

Hata hivyo, mchoro unaovutia unaweza kupotosha. Embakasi ya sensa ni kaunti ndogo, ilhali maeneo bunge yenye jina hilo ni matano. Aidha, watu wamehama na majengo yameongezeka tangu 2019.

Kabla ya kutumia mchoro wowote kikaoni, uliza: takwimu zimetoka wapi, ni za mwaka gani, na zinafuata mipaka ipi? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.